Alama za Mtihani na Uwezo wa Mtoto

Kipimo cha akili kilichokuja kuenea duniani kilitungwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet na Théodore Simon. Shabaha yake ilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi wa masomo, na Binet alipinga waziwazi imani kwamba akili ya mtoto haibadiliki. Kilipofika Marekani, tahadhari hiyo ilipuuzwa. Namba ikageuka hukumu.

Shule za Tanzania hazina desturi ya kupima akili kwa namna hiyo. Hukumu hutolewa na mtihani wa darasa la saba. Mtoto wa Kifaru, kando ya barabara ya Moshi kwenda Same, hufanya karatasi ile ile anayofanya mwenzake wa Dar es Salaam, chini ya Baraza la Mitihani lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Usawa huo una thamani kubwa, kwa kuwa mtoto wa mkulima hahitaji kujuana na mkubwa yeyote ili achaguliwe. Lakini karatasi huonyesha anachokijua siku ile tu. Haionyeshi amefundishwa kiasi gani, wala angefika wapi kama angefundishwa vizuri. Hata hivyo, matokeo yakitoka, aliyefeli huitwa kilaza, na jina humganda.

Ushahidi dhidi ya jina hilo umepatikana hapa hapa nchini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Robert Sternberg na wenzake, wakiwemo Watanzania, waliwapa watoto wa shule za Bagamoyo mafumbo ya kufikiri: kupanga kadi kwa makundi, kutambua kitu kwa kuuliza maswali yasiyozidi 20. Kisha waliwafundisha mbinu kwa muda mfupi na kuwapima tena. Alama zilipanda. La muhimu zaidi, alama za mara ya pili ziliashiria uwezo wao kwa usahihi zaidi kuliko za kwanza. Mtoto aliyeonekana mzito alikuwa hajaonyeshwa njia.

Huko Usenge, Kenya, Sternberg alikuta watoto waliozijua zaidi dawa za mitishamba wakielekea kupata alama ndogo katika msamiati wa shuleni. Upareni nako kuna ndiva, mabwawa ya jadi yanayokusanya maji usiku ili yagawanywe mashambani kwa zamu. Mtoto anayejua maji yatafika shamba gani, na kwa muda gani, anakokotoa kweli. Hakuna karatasi inayomuuliza.

Lugha huongeza mzigo. Wapo wanaoanza na Kipare nyumbani, wakasoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wakakutana na Kiingereza. Hapo swali la biolojia huwa kwanza swali la Kiingereza.

Mtihani hukosea hata kwa kupandisha. Mwaka 2012 ilibainika kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku nayo yahesabiwe. Wazo lilikuwa sahihi, ila mwalimu mwenye darasa lililofurika hana nafasi ya kumfuatilia kila mmoja, na alama za mazoezi huishia kujazwa kwa kukisia. Kinachohitajika ni madarasa madogo, na mtihani wa darasa la nne utumike kama Binet alivyokusudia: anayeshindwa afundishwe upya alipokwama, kisha apimwe tena kabla ya kuamuliwa lolote juu yake.