Chupuchupu Nayo ni Ajali

Ajali haina kinga, husema Waswahili. Methali hiyo huwafariji wafiwa, na hapo ndipo mahali pake. Ikitamkwa na mtu aliyeshika bunduki kwa ajili ya burudani, hugeuka pazia la kufichia kosa.

Jioni ya tarehe 11 Februari 2006, katika shamba moja kubwa kusini mwa Texas, Marekani, Makamu wa Rais Dick Cheney alikuwa akiwinda kware pamoja na wenzake. Mmoja wao, wakili Harry Whittington mwenye umri wa miaka 78, alikuwa amebaki nyuma akimtafuta ndege aliyemwangusha. Alipokuwa anarejea kundini, Cheney alimwandama kware kwa mtutu wa bunduki, akageuka naye, akafyatua. Jua lilikuwa limeshuka. Marisau yakampata Whittington usoni, shingoni na kifuani, ingawa alikuwa amevaa fulana ya rangi ya machungwa ambayo wawindaji huivaa ili waonekane.

Siku tatu baadaye, chembe moja ya risasi ikasogea hadi kugusa misuli ya moyo. Mapigo yakavurugika, na madaktari wakatangaza kwamba mgonjwa amepata mshtuko mdogo wa moyo. Hilo si jambo la ajabu kitabibu: kidonda cha marisau huweza kuonekana kama vitobo vya sindano juu ya ngozi, kumbe madhara makubwa yamo ndani. Whittington alipona, akaishi hadi mwaka 2023. Ieleweke, hata hivyo, kwamba aliumia mahali ambapo wahudumu wa afya wa Makamu wa Rais walikuwa karibu na gari la wagonjwa lilikuwa tayari. Mwindaji wa kawaida hana bahati hiyo.

Sasa ichukuliwe kwamba marisau yale yangepita mita moja pembeni. Mkono ungekuwa uleule, mgeuko uleule, jua lilelile machoni. Kundi lingeshtuka, pengine lingecheka, kisha likaenda kula chakula cha jioni. Hakuna ripoti ambayo ingeandikwa. Tofauti kati ya tukio hilo la kuwaziwa na lile lililotokea ni mahali alipokuwa amesimama mtu. Mwenendo wa mpigaji ni mmoja. Ndiyo maana kuponea chupuchupu hakustahili kuitwa bahati njema, kukafungiwa mlango.

Wanaolenga shabaha na kuwinda kwa kujifurahisha wanavijua vichupuchupu vyao vizuri sana. Yupo anayetoa chemba ya risasi katika bastola, akaamini kuwa ni tupu, ilhali risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Yupo anayevuka ua wa seng'enge akiivuta bunduki nyuma yake kwa kushika mdomo wa mtutu. Bunduki ikigoma kulia, yupo anayeigeuza mara moja kuichungulia, na hali baruti huweza kuwaka kwa kuchelewa. Kosa la hila kuliko yote ni la fataki ya geji 20 iliyotumbukizwa katika bunduki ya geji 12: huteleza na kukwama mbele, mpigaji huona chumba kitupu, hutia nyingine, na mtutu humpasukia karibu na mkono. Kwa sababu hiyo fataki za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Rangi hiyo haikubuniwa kwa urembo. Ni zao la watu kukiri yaliyowapata.

Usafiri wa anga ulilielewa hilo zamani. Tangu mwaka 1976 shirika la NASA hupokea taarifa za siri za marubani wa Marekani kuhusu hatari walizoziponea, huondoa majina, kisha huyasambaza mafunzo. Hospitali nazo, kwa kusuasua, zimeanza kuandika dozi isiyo sahihi iliyogunduliwa kabla ya kumfikia mgonjwa. Vilabu vya shabaha vinaweza kuweka daftari la namna hiyo, lisilo na majina, likasomwa kabla ya bunduki kutolewa. Wapo watakaopinga kwamba mwanachama ataogopa kunyang'anywa leseni. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kutenganisha daftari la mafunzo na mkono wa adhabu. Aibu ndiyo adui mgumu zaidi, kwa kuwa mpigaji mzoefu huona kukiri ni kujivua cheo.

Tabibu naye hana budi kubadilika. Mgonjwa akiletwa na kiganja kilichotobolewa wakati wa kusafisha bunduki, faili huandikwa "ajali ya bunduki", kalamu ikawekwa chini. Damu ikishazuiwa na maumivu yakatulia, yabaki maswali machache ya kuulizwa kwa upole: nani alisema bunduki ni tupu, nani alihakikisha, mtutu ulielekea wapi, na je, bunduki hiyo imewahi kulia siku nyingine pasipo mtu kuumia?