Makochi ya Marehemu Mkwe

Dada yangu aishiye Endebess, chini ya Mlima Elgon, ameniomba shauri. Makochi aliyoachiwa na marehemu mkwewe yamechakaa, na arusi ya binti yao imekaribia. Mumewe ataka seti mpya ya mkopo kutoka Kitale, na mkopo wenyewe una riba. Je, kuyavalisha upya ya zamani si kupoteza fedha?

Kwetu pwani, anunuaye jahazi kuukuu hugonga mataruma kwanza. Tanga huja baadaye. Nilimwambia apindue kochi, abandue kitambaa cha chini, atazame mbao. Kumbe ni loliondo, mti mgumu wa misitu ya huko huko Elgon, bila tundu hata moja la bungua!

Fundi alihesabu hivi: kitambaa mita 20 kwa shilingi 650, yaani 13,000, sponji 11,000, mikanda, nyuzi na gundi 2,000, ujira wake 9,000. Jumla 35,000. Nami niliguna. Alikuwa na sponji nyepesi ya nusu bei, lakini hiyo hubonyea upesi, na kazi yote hurudiwa. Hapo msibane, mama zangu. Baneni kwenye kitambaa: chenye maua makubwa hula mita zaidi, kwani maua sharti yaoane kwenye maungio. Dada amechagua kisicho na maua, akaokoa mita 3.

Mumewe amekubali, kwa sharti moja: kiti alichokalia mamake kisibadilishwe rangi.