Mkanda ufungwe kuanzia kiti cha mbele

Marubani wa Kenya Airways walirudi kazini Novemba 9, 2022, baada ya mahakama ya Nairobi kuwaamuru waripoti kufikia saa kumi na mbili asubuhi bila masharti. Ndege ziliruka tena. Suala lililowatoa kazini, hata hivyo, lilibaki pale pale.

Kwa mfanyabiashara wa Gisenyi hii haikuwa habari ya mbali. Kongo ilipozifungia ndege za RwandAir mwishoni mwa Mei 2022, aliyetoka Kigali kwenda Lubumbashi au Kinshasa hakuwa na budi kupita kwa mashirika mengine, na Nairobi ilikuwa moja ya njia zilizobaki. Walikuwapo pia waliounganisha pale kwenda Dubai kufuata simu, vitenge na vipuri. Mgomo ulipoanza Jumamosi Novemba 5, abiria zaidi ya 10,000 waliathirika, na mizigo nayo ikasimama. Mtu aliyekopa fedha kwa safari ya siku tano akalala siku mbili uwanjani hahitaji kuelezwa maana ya hasara.

Kwa hiyo hasira dhidi ya marubani inaeleweka. Ni watu wapatao 400, wanalipwa vizuri kuliko wengi, na menejimenti ilikadiria kwamba kila siku ya mgomo ingelikula shirika shilingi za Kenya milioni 300. Shirika lenyewe lilipata hasara ya karibu bilioni 10 katika nusu ya kwanza ya mwaka 2022. Mama anayevusha nyanya Petite Barrière kabla mpaka haujafungwa haoni sababu ya kumhurumia mtu mwenye mistari ya dhahabu begani.

Lakini inafaa kutazama walichokuwa wakidai. Hawakuomba nyongeza ya mshahara. Walidai shirika lirudishe michango yake katika mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ambayo ilisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, na walipwe mishahara iliyokuwa imezuiliwa tangu wakati huo.

Mwaka huo uongozi ulianza vizuri, na haki ni kulisema hilo. Ndege zilipokosa abiria, mkurugenzi mkuu Allan Kilavuka alitangaza kwamba yeye mwenyewe angekatwa asilimia 80 ya mshahara, viongozi wenzake wa juu asilimia 75, na wafanyakazi wengine kati ya asilimia 25 na 50. Si wakubwa wengi Afrika Mashariki waliowahi kusimama mbele ya watu wao na hesabu ya namna hiyo. Baadaye mwaka huo huo mamia walipunguzwa kazini, na waliobaki waliendelea kuhudumu.

Asilimia, hata hivyo, ni kipimo cha ujanja. Anayelipwa mamilioni akikatwa asilimia 80, kinachobaki bado kinalipa karo na kujaza gari mafuta. Mpakia mizigo akikatwa robo, imekwenda kodi ya nyumba. Ndiyo maana wafanyakazi huuliza zimebaki ngapi, wala hawaishii kwenye zilizokatwa. Na huuliza pia zitarudi lini. Makato ya dharura yasiyo na tarehe ya mwisho ni sawa na mali kauli aliyopewa mteja asiyesema atalipa siku gani. Mwezi wa kwanza unamwamini. Mwaka wa pili unaanza kumtazama anavaa nini.

Hapo ndipo Kenya Airways ilipojikwaa, na si mara ya kwanza. Mwaka 2012 shirika lilikuwa limechora Mpango wa Mawingu, wa kununua ndege nyingi na kufika kila pembe ya dunia katika miaka kumi, na likawaomba wenye hisa fedha za kuuendesha. Mwaka huo huo liliwaachisha kazi watu wapatao 600. Wafanyakazi 447 walikwenda mahakamani. Desemba 2012 mahakama ya kazi ikaamuru warudishwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikatengua kurudishwa huko. Mwaka uliofuata shirika likatangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7, ambayo hakuna kampuni ya Kenya iliyokuwa imewahi kuifikia. Mawingu yalipangwa ofisini, lakini waliofunga virago mapema ni watu wa kaunta na wahudumu wa ndege. Kumbukumbu ya aina hiyo haifutiki kwa barua ya kuomba uvumilivu.

Marekani iliwahi kuonja jambo hili likiwa chungu zaidi. Mwaka 2003 American Airlines ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Mkuu wake, Don Carty, aliwaomba marubani, mafundi na wahudumu wa ndege waache sehemu ya mishahara na marupurupu yao, jumla ya takriban dola bilioni 1.6 kwa mwaka. Walinung'unika, wakapiga kura, wakakubali. Kura zilipokwisha kupigwa ndipo hati zilizowasilishwa kwa wasimamizi wa soko la hisa zikaonyesha lililokuwa limefichwa: wakuu wachache walikuwa wameahidiwa bakshishi ya mara mbili ya mshahara wao wa mwaka ili wasihame, na pensheni za viongozi 45 zilikuwa zimewekewa fedha katika mfuko wa pembeni, ambao kampuni hata ikifilisika usingeguswa. Bakshishi zikafutwa haraka, Carty akaomba radhi, na Aprili 24 akajiuzulu. Shirika liliponea, na wafanyakazi wakabaki na makato yao, lakini chuki ile ilikaa ndani ya nyumba miaka mingi. Novemba 2011 American Airlines ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Kenya haijafika huko, na hakuna anayedai kwamba Nairobi kuna mfuko wa siri wa wakubwa. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zilizo katika soko la hisa zitoe taarifa ya malipo ya wakurugenzi, na Kenya Airways ni mojawapo. Shida ni kwamba taarifa hiyo hutoka miezi mingi baada ya mwaka kwisha, ndani ya kitabu kinene cha Kiingereza ambacho mfagiaji wa uwanja wa Jomo Kenyatta hatakishika. Katika mazungumzo kuhusu mfuko wa akiba, karatasi ile ilipaswa kuwa mezani tangu siku ya kwanza. Serikali ya Kenya, yenye karibu asilimia 49 ya hisa, inaweza kulidai hilo bila kutunga sheria mpya. Uganda nako, kamati ya Bunge ilihoji mwaka 2022 jinsi mkuu wa Uganda Airlines alivyopatikana. Dalili kwamba raia wa nchi hizi wamechoka kulipia ndege wasizojua zinaendeshwaje.

Wenye vyama vya ushirika hapa Gisenyi wasicheke mapema, kwa sababu habari hii inabisha hodi kwao pia. Mpaka ulipofungwa Machi 2020, Petite Barrière iliyokuwa ikipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku ilinyamaza. Mizigo ndiyo iliyoruhusiwa, watu wakakaa. Wafanyabiashara wadogo wakalazimika kuunganisha bidhaa zao, kukodi gari moja, na kumwamini mtu mmoja avushe dagaa, unga na mboga za watu hamsini. Wengi walikula mitaji yao. Katika vikundi vingi kila mwanachama aliombwa kitu: achelewe kulipwa, aongeze mchango, asamehe gawio la mwaka.

Je, posho za kikao za kamati nazo zilipunguzwa? Nauli ya mwenyekiti kwenda Kigali? Vikao vya mwisho wa mwaka vinapokaribia, kuuliza hivyo si utovu wa heshima. Katika ikimina, au likelemba kama wanavyosema ng'ambo ya Goma, swali hilo halina hata nafasi ya kuzaliwa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa chini mbele ya wote, ya mwekahazina ikiwa pamoja na ya muuza karanga. Mwaka ukiwa mbaya kila mtu anaona ubaya wake kwa macho, na ugomvi ukitokea ni wa faranga zilizopo. Chama kikishakua, kikafungua akaunti benki na kuajiri mhasibu, sanduku linatoweka machoni, na mwanachama anabaki kusomewa jumla peke yake. Kusoma orodha ya posho kwa majina na kwa faranga, kabla ya kuomba mchango mpya, huchukua dakika kumi.

Wakubwa wa Nairobi walikuwa na kazi hiyo hiyo, ila kwa tarakimu ndefu. Wangeweza kutaja tarehe ambayo michango ya mfuko ingerejea, hata kama ingekuwa ya mwaka uliofuata, na kuahidi hadharani kwamba mishahara yao haingepanda kabla ya tarehe hiyo. Marubani wangegoma tena baada ya ahadi kama hiyo, abiria aliyekwama angejua wa kumlaumu. Wakati huo hakujua, na tiketi za Desemba zilikuwa zimekwisha kuanza kuuzwa.