KAZI ZA MIKONO: Ukingo wa Meza ya Jikoni



Siku hizi huko Kahama, Geita na Katoro, na hata vijijini, akina mama wengi wanapenda meza ndefu ya jikoni iliyobandikwa fomeka. Ni kitu safi: mafuta hayaingii, na unga hufutika kwa kitambaa. Lakini ukingo ukibandikwa ovyo, maji hupenya, ubao hufura, na mtoto hujikata mkono. Basi, fundi, sikiliza.

Fomeka ni karatasi nyingi zilizoloweshwa dawa na kushindiliwa kwa moto. Ilibuniwa Marekani mwaka 1912 ishike mahali pa ulanga katika vyombo vya umeme. Ni ngumu, lakini ukingo wake humeguka kama kigae.

Kwanza bandika ukingo, ndipo ubandike juu. Fanya kama bati la nyumba: la juu hulalia la chini, maji yapite nje. Kata ukanda uzidi kidogo unene wa ubao. Paka gundi ubaoni na kwenye ukanda pia, ngoja mpaka kidole kikigusa kisinate, ndipo ubandike. Pima vizuri kabla, maana vikishagusana havisogei tena.

Sasa punguza kilichozidi. Usikivunje kwa koleo! Chukua tupa, uisukume kuelekea ubaoni, ili kila pigo likandamize ukanda. Ukiikwaruza kwa kurudi nyuma, unaubandua na kuumega. Ukingo ukiwa sawasawa na ubao, bandika fomeka ya juu, uipunguze vivyo hivyo, tupa ikiinama kidogo. Mwishowe pitisha kiganja taratibu: kisipokwaruzwa, kazi imekwisha.

Neno moja kubwa: mvuke wa gundi hiyo hushika moto kama petroli. Usiipake penye mafiga au jiko la mkaa, wala usivute sigara. Itoe meza uani, watoto wakae mbali. Kama haitoki, zima moto wote kwanza, ufungue milango na madirisha.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei. Yeye naye alikuwa seremala. Nusu saa ya kupiga tupa mwenye meza hajui kuidai. Ataijua mwakani, ubao ukifura. Fundi mwaminifu huifanya hata kama hakuna anayemtazama.