Kipimo cha Damu si Ngao ya Mrina Asali

Mkoa wetu wa Singida unajulikana kwa alizeti, kwa kuku wa kienyeji na kwa asali. Ukitoka Manyoni kwenda Itigi utaona mizinga ya magogo imetundikwa mitini kama walivyofanya mababu, na siku hizi mizinga ya kisasa ya mbao imeongezeka pia. Si ajabu basi kwamba swali la mwezi huu limetoka katika familia ya mrina asali.

Mzee huyu amerina tangu ujana wake. Ameumwa na nyuki mara zisizohesabika, akavimba kidogo, akaendelea na kazi. Safari hii waliomwuma ni watatu tu. Mwili mzima ukamwasha, koo likambana, akaishiwa nguvu na kuanguka chini ya mti. Alinusurika. Sasa mwanawe amesikia kwamba iko tiba ya kumchoma mtu sindano za sumu ya nyuki kidogo kidogo mpaka mwili uzoee, na kwamba damu ikipimwa huonyesha kama tiba imefaulu. Anauliza: wauze ng'ombe ili mzee akapimwe?

Tunajibu mapema: ng'ombe asiuzwe kwa ajili ya kipimo hicho peke yake. Lakini sababu yafaa ielezwe vizuri, maana swali la kijana huyu si la kijinga hata kidogo.

Mwili wa binadamu hutengeneza kingamwili za aina mbalimbali dhidi ya vitu vigeni. Katika habari ya nyuki, mbili ndizo muhimu. Ya kwanza madaktari huiita IgE, iliyogunduliwa katika miaka ya 1960. Hii ndiyo yenye kuleta mzio, yaani aleji. Hujibandika kwenye chembe fulani za mwili, na sumu ya nyuki ikiingia, chembe hizo hupasua akiba yao ya kemikali kwa dakika chache: ngozi huwasha, koo huvimba, presha hushuka. Ya pili ni IgG, hasa tawi lake la nne, IgG4. Hii huiwahi sumu na kuishika kabla haijafika kwenye IgE. Warina wanaoumwa mara nyingi kila mwaka huwa nayo kwa wingi katika damu yao. Mwaka 1978 iliandikwa habari ya madaktari waliochukua kingamwili kutoka kwa wafuga nyuki wakawapa wagonjwa wa mzio, na wagonjwa hao wakastahimili sumu vizuri zaidi kwa muda. Kwa hiyo wazee wetu wanaposema kwamba mwili huzoea nyuki, wanasema jambo lenye ukweli ndani yake.

Hapo ndipo palipo na mtego. Uchunguzi wa wafuga nyuki wa Ulaya ulionyesha kwamba wanaoumwa zaidi ya mara 200 kwa mwaka ni nadra kupata mzio, lakini wanaoumwa chini ya mara 25 ndio hupatwa sana. Tena hatari huwa kubwa mwanzoni mwa msimu, baada ya miezi ya mapumziko. Jamaa za mfuga nyuki nao wamo hatarini kuliko watu wengine, kwa sababu huumwa mara moja moja tu. Fikirini basi juu ya mama anayechuja asali nyumbani, au mwanakikundi mpya aliyepewa mizinga miwili ya mradi. Hao hawana kinga ya mzee wa porini, ila nyuki ni wale wale.

Tiba aliyoisikia kijana ipo kweli, nayo ni nzuri. Katika mwaka huo huo wa 1978, watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani walithibitisha kwamba sindano za sumu halisi hukinga, ilhali dawa ya zamani iliyotengenezwa kwa kusaga mdudu mzima haikufaa kitu. Mgonjwa huanza na kiasi kidogo mno, huongezewa hadi maikrogramu 100, kiasi cha sumu ya nyuki wawili hivi, kisha hurudia kila mwezi au zaidi kidogo kwa miaka 3 mpaka 5. Kwa nyuki, karibu wagonjwa 8 katika 10 hukingwa. Kwa nyigu ni wengi zaidi.

Je, kipimo? Kupima IgE kabla ya tiba kuna maana. Husaidia kujua kama adui ni nyuki au nyigu, mradi zipite wiki nne hadi sita tangu kuumwa, la sivyo damu yaweza kudanganya. Tatizo linaanza tunapotaka damu ituambie kama tiba imefaulu. IgE hupanda kwanza, kisha hushuka polepole. IgG4 hupanda karibu kwa kila anayetibiwa. Lakini wapo wenye IgG4 nyingi ambao wakiumwa wanaanguka, na wapo wenye kidogo ambao hawadhuriki. Tiba ikisimamishwa IgG4 hupungua, na bado wengi hubaki salama. Namba iliyo kwenye karatasi ya maabara huonyesha kwamba mwili umekutana na sumu. Haionyeshi kwamba mtu huyu atarudi nyumbani akiwa hai. Kipimo cha kuaminika ni kumwumisha mgonjwa kwa nyuki hai akiwa hospitalini, madaktari wamesimama kando na dawa mkononi. Hata wakubwa wa dunia, kwa mashine zao zote, hurudi kwa nyuki.

Kwa maoni yetu, siku tiba hii itakapoweza kupatikana katika hospitali zetu za rufaa tuipokee kwa mikono miwili, maana mkoa wa asali unaihitaji kuliko mikoa mingi. Lakini tusianze kujenga nyumba kwa paa. Adrenalini ni dawa ya zamani, ni ya bei ndogo, nayo ndiyo inayookoa. Tunasikitika kwamba mara nyingi mtu aliyebanwa koo hupewa kwanza Piriton au haidrokotisoni, kisha watu wakasubiri. Piriton hupunguza mwasho tu, na haidrokotisoni huchukua saa nyingi. Mtu mzima apewe nusu miligramu ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mara moja. Kama hapati nafuu irudiwe baada ya dakika 5. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua aketi, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Mwiba ung'olewe upesi, kwa kucha au kwa kisu, bila kubishana juu ya njia.

Kutoka kwenye mizinga ya porini hadi Hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi, au hadi Makiungu kwa walio upande wa kaskazini, ni safari ndefu, na mzio unaweza kuua kabla ya saa moja kupita. Kwa hiyo dawa iwe kwenye zahanati ya karibu, ikiwa haijapitwa na muda, na anayejua kuichoma awepo. Vikundi vinapogawiwa mavazi na vifaa vya moshi, swali la kwanza kwa mfadhili liwe: adrenalini iko wapi?

Na mzee wetu? Tunamshauri aache kupanda mtini, awaachie vijana, yeye afundishe na kusimamia kutoka mbali, mahali nyuki wasipofika. Aende kwa daktari tukio lake liandikwe kwenye kadi kwa wino mwekundu, na aulizie kama anaweza kupewa adrenalini ya kukaa nayo, pamoja na mwanawe kufundishwa kuichoma. Kwa kazi hiyo, hata mbuzi mmoja akiuzwa, hatutapinga.