Maktaba Kubwa Si Mafunzo

Siku hizi si jambo la ajabu mwajiri kulipia leseni ya kuingia katika maktaba kubwa ya masomo iliyomo katika intaneti, kisha akawatangazia wafanyakazi wake kwamba mafunzo kazini yamekwisha kupatikana. Kila mfanyakazi hupewa neno la siri, huambiwa kwamba mbele yake kuna maelfu ya masomo, na huachiwa ajichagulie. Mwisho wa mwaka huletwa hesabu ya waliofungua masomo, na hesabu hiyo huitwa maendeleo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo, ingawa aghalabu hufanywa kwa nia njema, si mafunzo bado. Ni ghala lililofunguliwa mlango tu. Kati ya ghala na mafunzo ipo kazi ya kuteua na kupanga masomo, nayo ni kazi ya kitaalamu ambayo haina budi kupewa mtu, muda na madaraka.

Yafaa kwanza asili ya maktaba hizi ielezwe kwa ufupi. Mwaka 1995 Lynda Weinman na mumewe Bruce Heavin walianzisha huko California shughuli ambayo baadaye ilikua ikawa maktaba ya masomo ya video juu ya kompyuta na usanifu. Mwaka 2015 kampuni ya LinkedIn iliinunua kwa bei ya takriban dola bilioni 1.5. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitatoa bure kwa ulimwengu mzima maandishi na zana za kufundishia za kozi zake. Mwaka 2012 zikaanzishwa Coursera na edX, ambazo zilikusanya kozi za vyuo vikuu mbalimbali mahali pamoja. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka 20 mwanadamu alitoka katika uhaba wa masomo akaingia katika wingi wake.

Hata hivyo wingi wa kitu kimoja huleta uhaba wa kingine. Mwaka 1971 Herbert Simon, mwanasayansi wa Marekani ambaye mwaka 1978 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alieleza kwamba habari zikizidi, kinachopungua ni uzingativu wa wale wanaozipokea. Hesabu ndogo yatosha kulithibitisha neno hilo. Tuseme maktaba ina masomo 10,000, na kila somo huchukua saa moja. Mfanyakazi aliyepewa saa 2 kila juma kwa majuma 50 atapata saa 100 kwa mwaka. Kuyamaliza masomo yote kutamchukua miaka 100. Basi swali la mafunzo kazini haliwezi kuwa maktaba ina masomo mangapi. Swali ni saa zile 100 zitumike kwa lipi, na nani ataamua.

Wapo wasemao kwamba mlango ukiwa wazi mwenye haja ataingia mwenyewe. Ushahidi hauungi mkono dhana hiyo. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao juu ya kozi za MIT na Harvard zilizotolewa kupitia edX. Waligundua kwamba asilimia 52 ya watu waliojiandikisha hawakuingia darasani hata mara moja, na kwamba katika mwaka wa 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki wote. Miongoni mwa wale waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Tofauti hiyo inafundisha kwamba mtu hufika mwisho wa safari akiwa na sababu ya kusafiri. Ukubwa wa maktaba peke yake haumpi sababu hiyo.

Hutajwa pia jaribio mashuhuri la Sheena Iyengar na Mark Lepper, lililochapishwa mwaka 2000. Katika duka moja la California wateja waliwekewa meza yenye aina 24 za jemu, na wakati mwingine meza yenye aina 6. Meza ya aina 24 ilivuta watazamaji wengi zaidi, lakini walionunua walikuwa asilimia 3 tu. Kwenye meza ya aina 6 walinunua asilimia 30. Mwanafunzi wa sayansi yampasa ajue kwamba majaribio mengi yaliyofuata hayakutoa jibu moja: uchambuzi mpana uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, kwa wastani, athari hiyo ilikaribia sifuri. Kwa hiyo isisemwe kwamba wingi daima humlemaza mchaguaji. Ila anayekijua anachokitaka husaidiwa na wingi, na asiyekijua hupotea ndani yake. Mwanafunzi wa kazi, kwa maana yenyewe ya neno mwanafunzi, bado hajajua anachokihitaji.

Liko jambo zito zaidi kuliko kupoteza muda, nalo ni usalama. Chukua mfano wa fundi umeme kijana anayejifunza kwa somo zuri lililorekodiwa Marekani. Mwalimu wake anaeleza, na kwa nchi yake anaeleza sawasawa, kwamba waya mweusi ndio waya wa moto na mweupe ni nyutro. Sasa fundi huyo anaingia katika jengo la zamani la Dar es Salaam au Mombasa lililotandazwa nyaya kwa kanuni za zamani za Uingereza, ambamo waya wa moto ni mwekundu na mweusi ndio nyutro. Katika majengo mapya atakuta waya wa moto ni wa kahawia na nyutro ni ya buluu. Somo halikusema uongo, na fundi hakuwa mvivu. Lakini kanuni iliyo kweli kule ni hatari hapa. Tena umeme wa majumbani kule ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali Afrika Mashariki hutumia volti zipatazo 230 hadi 240 na mizunguko 50. Mota yenye ncha nne za sumaku, ambayo kwa mizunguko 60 uga wake wa sumaku huzunguka mara 1,800 kwa dakika, kwa mizunguko 50 uga huo huzunguka mara 1,500. Fundi aliyekariri namba bila kuelezwa asili yake ataharibu pampu ya mwajiri, na huenda akayahatarisha maisha yake mwenyewe. Programu ya kompyuta inayopendekeza masomo haijui jengo hilo lina rangi gani za waya. Mteuzi anayeifahamu kazi anajua.

Mteuzi huyo hufanya nini hasa? Kwanza haanzi na maktaba, huanza na kazi. Hukaa na fundi hodari na msimamizi, akaandika ni vitendo gani mfanyakazi hana budi kuvitenda, ni makosa gani hutokea mara kwa mara, na lipi kati ya hayo latokana na kutojua. Kosa litokanalo na spana mbovu au mshahara kuchelewa haliponywi kwa somo lolote. Pili, hutafuta masomo machache yanayolingana na vitendo hivyo, akayatazama yeye mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, akayakataa yaliyopitwa na wakati au yasiyolingana na sheria na mazingira ya nchi. Tatu, huyapanga kwa taratibu, la awali likilitangulia la baadaye. Nne, huandika ukurasa mmoja wa mwongozo kwa Kiswahili: somo hili lina lengo gani, sehemu ipi irukwe, hapa petu tofauti ni ipi, na ukimaliza ufanye zoezi gani karakanani.

Utaratibu huo si mgeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tangu 1940 hadi 1945, Marekani iliendesha mpango mkubwa wa mafunzo viwandani uliowafikia watu zaidi ya milioni 1. Njia yake ya kufundisha kazi ilikuwa na hatua nne tu: kumwandaa mfanyakazi, kumwonyesha kazi, kumpa aijaribu mwenyewe, na kumfuatilia. Somo la video, hata likiwa bora namna gani, hutimiza hatua ya pili tu. Hatua tatu zilizosalia humngoja mtu.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Katika mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Mwanza mwaka 1968, watu wazima walitungiwa vitabu kwa kufuata kazi zao: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Elimu ya malaria na ya vyoo ilikuwapo siku nyingi katika vitabu vya waganga. Kampeni ilichagua sehemu ndogo ya elimu hiyo, ikaipanga kwa majuma 12, ikatoa kijitabu cha Kiswahili chepesi, ikawafunza maelfu ya viongozi wa vikundi, na ikadai kitendo: kikundi kikishasikiliza na kujadiliana, kiamue la kufanya, kisha kichimbe. Vyoo vilichimbwa kwa wingi kote nchini. Redio ilikuwa chombo. Uteuzi na ufuatiliaji ndivyo vilivyokifanya chombo kifundishe.

Sayansi ya kumbukumbu huongeza sababu nyingine ya kupendelea machache. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, kwamba jambo lililokaririwa husahaulika upesi katika saa za mwanzo ikiwa halikurudiwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliosoma kifungu mara nne walikumbuka asilimia 40 baada ya juma moja, na wale waliokisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu walikumbuka asilimia 61. Kwa hiyo masomo 5 yenye maswali na marudio huacha kichwani zaidi ya masomo 30 yaliyotazamwa mara moja na kuachwa. Mteuzi anayepunguza orodha hamnyimi mfanyakazi elimu, bali anaitafutia nafasi ya kukaa.

Kuhusu vipimo, Donald Kirkpatrick wa Marekani alieleza mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa hatua nne: je, waliofunzwa waliyapenda, walijifunza, walibadili utendaji, na kazi ilipata matokeo? Hesabu ya waliofungua somo haifiki hata hatua ya kwanza. Mwajiri anayetaka kujua kama fedha zake zimezaa, na aende karakanani akahesabu mota zilizorudishwa, ajali zilizotokea na muda wa kazi uliopungua.

Pingamizi moja lastahili heshima. Husemwa kwamba mfanyakazi ni mtu mzima, na kumteulia masomo ni kumfanya mtoto. Na wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli maktaba isifungwe. Karani anayetaka kujifunza unajimu wa nyota saa za jioni aachwe ajifunze, kwa kuwa udadisi ni mali ya taifa. Lakini methali hiyo humsuta mvivu aliyeshika majembe mawili akaahirisha kulima, haimsuti mkulima aliyerushiwa majembe elfu kumi, mengi yakiwa ya udongo usio wake. Tena mtu mzima huheshimiwa anapoelezwa kwa nini somo limechaguliwa na anaposhirikishwa kulichagua. Kumwachia peke yake, kisha kumlaumu kwa kutomaliza, si heshima. Na anayeumia zaidi kwa kuachwa peke yake ni yule aliyesoma kidogo, asiyejua Kiingereza vizuri, na anayelipia intaneti kwa mfuko wake. Msomi hujitafutia njia. Yeye hubaki mlangoni.

Waalimu wa sekondari na wanafunzi wao wasidhani kwamba habari hizi ni za viwanda peke yake. Mwalimu wa fizikia anayetafuta somo la video juu ya nguvu-sumaku ni mteuzi tayari, na ataufanya uteuzi vema akiuliza maswali yale yale: wanafunzi watatenda nini baada ya somo, vipimo vilivyotumika ni vipi, na mfano uliotolewa unapatikana hapa au la? Zoezi zuri kwa darasa ni kugawana masomo sita ya mada moja, kila kikundi kikatetea lipi libaki na lipi liachwe, kwa sababu zilizoandikwa. Kijana aliyezoea kuuliza hivyo, siku akipewa neno la siri la maktaba ya mwajiri wake, hatakaa kungojea kompyuta imwambie la kusoma. Atauliza kwanza ni kazi gani inayomngoja, na ni nani atakayesimama kando yake atakapoijaribu kwa mikono yake.