Zebaki Wodini: Wahudumu Wetu Wana Haki ya Kujua

Watetezi wa mageuzi huulizwa mara kwa mara: vyama vingi vimemletea nini mtu wa Kitui au Makueni? Jibu mojawapo ni kwamba hospitali anayoitegemea sasa ina msimamizi anayejulikana na anayepigiwa kura. Kabla ya mwaka 2013, jibu la kila swali lilingojewa kutoka Nairobi. Katiba ya 2010 ndiyo iliyozikabidhi kaunti hospitali hizo. Kwa hiyo leo twauliza: ni nani anayemlinda mhudumu wa afya dhidi ya sumu iliyomo katika vyombo vyake vya kazi?

Sumu hiyo ni zebaki, ule umajimaji wa rangi ya fedha ulio ndani ya vipimajoto vya kioo na mashine za zamani za kupimia shinikizo la damu. Kipimajoto kimoja huwa na gramu moja hivi au pungufu. Mashine moja ya shinikizo la damu huweza kuwa na gramu 80 au zaidi. Kioo kikipasuka, zebaki hutawanyika kwa matone madogo, huingia katika nyufa za sakafu, kisha hugeuka mvuke usioonekana wala kunuka. Joto likizidi, mvuke nao huzidi. Na Ukambani si nchi ya baridi. Anayeuvuta kwa muda mrefu huweza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kupoteza kumbukumbu na kuharibika figo. Mama akiwa mjamzito, hatari humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Anayeumia kwanza si mkubwa wa hospitali. Ni muuguzi wa zamu, na ni msafishaji anayepewa ufagio afagie kitu asichoelezwa. Ufagio huitawanya zebaki zaidi. Ikitupwa pamoja na taka za kuchomwa, moshi huipeleka hadi kwa majirani.

Sheria hazikosekani. Kifungu cha 41 cha Katiba champa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na ukaguzi ufanywe angalau mara moja kila miezi 12. Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013, ikauidhinisha mwaka 2023, miaka 10 baadaye. Mkataba huo uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuagiza na kuuza nje vipimajoto na mashine za aina hiyo.

Lakini tutazame vema: marufuku hiyo huishia bandarini. Haifungui kabati la wodi. Chombo kilichonunuliwa zamani chaweza kuendelea kutumika, kuvunjika na kutupwa bila mtu yeyote kukihesabu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila kaunti itangaze hadharani ni vyombo vingapi vya zebaki vilivyosalia, na viko wapi. Pili, bajeti itenge fedha za kuviondoa, kuvihifadhi mahali salama na kununua vya kidijitali badala yake. Tatu, msafishaji apewe kiti katika kamati ya usalama, na afundishwe kabla ya ajali, si baada yake.

Wapo watakaosema kwamba fedha hakuna. Twawajibu: kuhesabu kwahitaji kalamu na daftari tu. Watu wa Makueni wamezoea kukutana vijijini kujadili bajeti. Na swali hili liulizwe huko. Wa Kitui wamwulize mwakilishi wao wa wadi.

Kanisa nalo lisijitoe. Hospitali za misheni, kama Muthale na Mutomo, zimewahudumia watu wa Kitui kwa miaka mingi, na waumini wana sauti katika huduma hiyo. Hatuwezi kumtaka gavana afungue kabati lake huku makabati ya misheni hayajakaguliwa. Lifunguliwe letu kwanza, nasi tutadai kwa uso mkavu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahudumu hawa hutuuliza tunaumwa wapi. Siku hizi ni zamu yetu kuwauliza wao, na kuwataka wakubwa wao watupe jibu kwa maandishi.